Kadi Yenye Feni Tatu

Kinanda alipomwona mama yule akitokea ngazini amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye taulo, aliacha hata chai yake. Mtu anayebeba kifaa cha kompyuta kwenye taulo hajui alichobeba, na Kinanda aliwapenda sana watu wasiojua walichobeba. Ndio waliomlisha.

Kituo chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya pili ya jengo lililojaa maduka ya kompyuta. Yeye hakuwa na duka. Alikuwa na meza, bisibisi tatu, kompyuta moja ya kupimia, na mdomo. Majirani walimwita Kinanda kwa sababu ukimgusa tu, analia mpaka umchomoe kwenye umeme.

"Shikamoo mama! Karibu kiti. Umetuletea mgonjwa?"

"Marahaba mwanangu. Mimi natengeneza vibao vya maduka, kule nyuma ya stendi. Shemeji yangu kaniachia hii." Akafungua taulo. "Ati ni kadi ya grafiki, inaleta picha kwenye skrini. Lakini naiona ndogo. Nataka kubwa zaidi."

Kinanda akahisi masikio yanapata moto. Kadi ilikuwa ndogo kweli, feni mbili, inang'aa, na stika yake ilikuwa ya toleo jipya kabisa. Ghorofa ya chini kulikuwa na daktari wa meno ambaye jioni hung'oa vichwa vya mazimwi kwenye gemu kama anavyong'oa magego mchana. Daktari huyo alikuwa amemsumbua wiki nzima amtafutie kadi kama hiyo hiyo.

Na huyu anataka kubwa zaidi!

Kinanda akainama chini ya meza, akatoa jitu la kadi lililokuwa likiegemeza mguu mmoja mbovu. Feni tatu, urefu wa kiganja mpaka kiwiko, uzito wa tofali, umri miaka kumi. Meza ikainama kidogo. Akafungua sifa za kadi zote mbili kwenye skrini, kidole gumba kikiziba mstari mmoja.

"Mama, tusibishane, tusome. Feni: yako mbili, yangu tatu. Umeme: yako inakula wati mia moja na kumi na tano, yangu mia mbili na hamsini. Asiyekula vizuri ataweza kazi?"

"Hataweza."

"Sasa njia ya memori. Ichukulie kama barabara. Yako biti mia moja ishirini na nane: kichochoro. Yangu mia tatu themanini na nne: malori yanapishana!"

Na hapo, jambo la kusikitisha, alikuwa anasema kweli. Ustadi wa Kinanda haukuwa uongo. Ulikuwa kuchagua mistari. Ule wa ukubwa wa memori, ambapo kadi ndogo iliandikwa gigabaiti nane na jitu lake tatu, aliupita kwa kasi ya mtu anayepita mbele ya mbwa mkali.

"Na huo uliouziba kwa kidole?"

"Huo ni tarehe tu, mama. Mambo ya kiwandani."

Mama akalipapasa jitu ubavuni. "Na tundu hili jeupe, pana, lenye vitobo vingi?"

"La kuunganishia skrini. La heshima hilo! Hizi ndogo hazinalo kabisa. Wamebana matumizi."

"Masikini," mama akasikitika.

Kinanda hakuwa mjinga. Kwanza akaichomeka kadi ya mama kwenye kompyuta yake. Programu ya kupimia ikaandika jina la toleo jipya, gigabaiti nane. Akasoma mara mbili, akijifanya anafikicha jicho.

"Basi tubadilishane, kwa kuwa ni wewe."

"Lakini mwanangu, hilo linakula umeme. Nitalishibisha na nini?"

Akaongeza boksi la umeme. Mama akauliza waya wa tundu jeupe, akaongeza waya. Akauliza feni ikilegea je, akampa bisibisi. Mama akafunga vyote kwenye taulo, akamwombea dua yeye na wanawe watakaozaliwa, akashuka.

Kinanda akacheza peke yake koridoni. "Nimetoa babu," alimwambia muuza vioo vya simu, "nimepewa kitoto!"

Daktari wa meno, alipouziwa kadi ile, hakungoja hata mgonjwa wa mwisho aondoke. Akaifunga kadi kwenye kompyuta ya chumba cha nyuma, akaanzisha gemu. Zimwi lilinyanyua rungu, skrini ikachanua maua ya kijani na zambarau, kisha ikawa nyeusi tii. Daktari hakupandisha sauti. Alivaa glavu, akachukua koleo na kile kioo chake cha kuchungulia magego, akaifungua kadi.

"Kinanda, njoo uone."

Chini ya chuma cha kupozea, chipu ilikuwa imechongwa mwaka wake. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko lile jitu.

"Ganda jipya, stika mpya," alisema daktari, "na ndani mtu kaiandikia jina la uongo ili kompyuta ilisome hivyo. Memori gigabaiti moja."

"Daktari, naapa sikujua!"

"Naamini. Ndicho kinachonichekesha. Toka."

Kinanda alifika nyuma ya stendi anahema. Karakana ya mama ilinguruma: mashine ilikuwa inakata herufi za kibao cha saluni, na wateja watatu walikuwa kwenye foleni. Pembeni, ndani ya kompyuta kuukuu iliyovuliwa ubavu, jitu lake lilizungusha feni zote tatu kwa furaha.

"Mama! Wewe ume..."

Wateja wakageuka. Angesema nini? Kwamba alimpa cha zamani, naye akampa cha zamani zaidi?

"...nimekuja kukusalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa." Mama alipomaliza na wateja, akafuta mikono. "Mashine hii inaendeshwa na programu ya zamani, inazijua kadi za zama hizo tu, na skrini yangu inataka tundu jeupe, ambalo ile niliyokupa haina. Miezi mitatu karakana ilikuwa imefungwa. Kila nikisema natafuta ya zamani, bei inapaa mawinguni. Nikaacha kutafuta kadi. Nikatafuta mtu wa kunilazimisha niichukue."

"Na shemeji?"

"Sina shemeji."

"Lile jina la uongo, nani aliliandika?"

"Mwanangu, fundi gani anakuja huku nyuma? Nafanya mwenyewe."

Kinanda alijaribu kukasirika. Alijaribu kwa moyo wote. Kicheko kikamzidi nguvu, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akavuta kigoda karibu.

"Mama, nifundishe."

"Darasa si la bure."

Akavua saa yake, akaiweka mezani. Mama akaiinua, akaigeuza, akaisogeza sikioni, akamrudishia.

"Vua viatu," alisema. "Hivyo naona ni vya kweli."

Kinanda akaanza somo la kwanza akiwa peku.