Daktari wa Maji wa Kitangari

Jumatatu, 13 Januari

Umeme umekatika tangu asubuhi. Kituo cha utafiti kinaishi kwa sola, na betri zimechoka. Zinabeba friji, au zinabeba kabati la joto la Yasmini. Vyote viwili haziwezi.

Nimemkumbusha Yasmini kwamba chuo kimeweka hapa Kitangari wanafunzi wawili wa uzamivu, si mmoja. Akasema analijua hilo, ila anayefanya utafiti ni mmoja. Maneno ya chuki. Mimi nachunguza mabomba yanayopasuka yakipandisha maji kutoka bondeni. Bomba halihitaji kukimbiliwa. Likipasuka linakaa hapo hapo.

Yeye anachunguza visima vya maji ya mvua. Leo ameleta chupa kutoka Chilangala, ambako amewafungia wanakijiji kisima chao cha saruji mpaka apate jibu. Akina mama wanafuata maji huku kwetu, ndoo kichwani. Maji ameyatia kwenye visahani, visahani kabatini. Vikilala kwenye joto na kutoa vidoa vya buluu, maji yana kinyesi. Visipotoa, ni salama. Kwa kazi hiyo ndiyo anaitwa hodari.

Alasiri amekwenda kulala Newala kwa shangazi yake. Kesho Profesa Kulwa anakuja kuchagua msimamizi wa kituo. Kwa joto hili hawezi kunywa soda ya moto. Nimechomoa kabati, nimechomeka friji.

Jumanne, 14 Januari

Profesa amefika na vumbi la barabara ya Masasi mpaka kwenye nyusi. Nikampa soda baridi na tikitimaji. Akasema hiki ni kituo chenye mpangilio. Mama Gift, mpishi wetu, aliniita Daktari mbele yake, kama nilivyomfundisha. Kijiji kizima kinaniita hivyo. Shahada itafuata.

Alipokwenda kupumzika nilirudisha waya wa kabati. Yasmini aliporudi lilikuwa na joto lake. Hakuna aliyedhurika.

Akafungua visahani. Hakuna kidoa hata kimoja. Badala ya kufurahi akakunja uso. Anasema kisima kina ufa upande wa choo cha jirani, haiwezekani kiwe safi. Anataka kurudia kipimo, lakini dawa ya visahani imeisha mpaka itoke Dar. Akaniomba nisiseme neno kwanza.

Huyu dada anataka kijiji kipate kiu ili yeye apate sura ya tasnifu.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda Chilangala kwenye gari la Profesa. Yasmini alikuwa bado anapiga simu Dar.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Chrispin, alitupokea chini ya mkorosho. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza swali lake moja.

"Daktari, tufungue?"

"Fungueni, mzee. Maji ni salama."

Akina mama walipiga vigelegele. Bibi Bibiana, mama yake Mama Gift, alinishika mikono yote miwili akaniombea. Profesa aliona yote. Njiani alisema mtafiti anayeijali jamii ni adimu.

Yasmini aliposikia hakugomba. Alikaa kwenye ngazi ya maabara. Nadhani ni wivu.

Jumamosi, 18 Januari

Wameanza kuja. Kwa baiskeli, kwa bodaboda, mmoja kwenye machela. Wanaharisha na kutapika. Wamepita zahanati wakaja kituoni, kwa sababu ndiko aliko Daktari.

Nilijaribu kueleza kwamba udaktari wangu ni wa mabomba. Mzee mmoja akaniambia kwa upole basi nimfungie hilo linalovuja. Yasmini aliwarudisha zahanati, akakodi pikipiki, akapakia madumu ya dawa ya maji, akaenda kufunga kisima kwa mikono yake.

Kabla ya kuondoka aliniuliza kama kabati lilizimika siku ile.

Nikasema betri hizi, dada, nani anazijua.

Akalitazama friji kwa muda. Hakuniuliza tena.

Jumatatu, 20 Januari

Bibi Bibiana amefariki. Na mtoto wa jirani yake. Tumewazika leo, bibi kwenye makaburi ya kanisa, mtoto kwa Waislamu wenzake ng'ambo ya barabara. Nilibeba jeneza kwa hatua chache. Watu waliniona nikibeba.

Jumatano, 22 Januari

Mama Gift amerudi kazini. Nilimwambia apumzike, akasema nyumbani kimya kimezidi. Akanimiminia chai. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti:

"Daktari, ulituambia maji ni salama. Yalibadilika lini?"

Nikamweleza kwamba maji ni kitu kigumu, hubadilika wakati wowote. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuosha sufuria. Chai haikuwa na sukari. Sikudai.

Ijumaa, 24 Januari

Profesa amepiga simu. Anataka kujua ilikuwaje. Nikamwambia ukweli anaoweza kuubeba: kwamba kabati la Yasmini ni bovu na lazima kituo kiwe na msimamizi mmoja mwenye kauli ya mwisho. Akasema kwa sasa nishike mimi. Yasmini amehamia Chilangala, analala kwa Mzee Chrispin, anatia dawa kisimani kila asubuhi. Hajaaga.

Mlipuko huu wa kuhara una data nzuri. Unaweza kuwa sura nzima, ukiandikwa na mtu aliyekuwepo.

Mwenyekiti wa kijiji cha Chiungutwa naye amenipigia. Wamechimba kisima kipya, wanaogopa kukitumia baada ya haya ya Chilangala. Dawa ya visahani bado haijafika. Lakini amenitumia picha ya maji kwa simu. Meupe kabisa, unaona mpaka chini ya ndoo.

Nimemwambia wachote.