Kamera Ilikuwa Inanitazama Mimi

Jumatatu, 4 Machi

Historia imeanza leo! Siku ya kwanza ya kupiga filamu yetu ya hali halisi. Haina mfadhili, haina bosi, ina mimi. Mada: saa ya mnara wa soko, iliyolala miaka kumi na tisa, na Mjomba wangu, fundi saa, aliyeapa kuiamsha. Halmashauri imempa hadi Jumamosi hii saa sita mchana. Ikilia, inabaki. Isipolia, inang'olewa na kuwekwa ile ya umeme yenye tarakimu nyekundu. Mjomba alipotaja tarakimu nyekundu alitema mate. Nikamwomba ateme tena, kamera haikuwa tayari. Alikataa.

Timu ni watu wanne. Mimi, mwongozaji. Shemeji, kaka wa mke wangu, mpiga picha. Kamera ni yake na hachoki kutukumbusha. Masikio, dada wa sauti, ambaye hedifoni hazimtoki kichwani. Nadhani ni ili asinisikie. Na mke wangu, mhariri, anayehariri kwenye meza ya kulia. Ndiyo maana kwetu tunakula tumesimama.

Kamera ni moja tu. Nimewaambia kamera moja ndiyo sanaa yenyewe. Shemeji akasema kamera moja ni ukata. Hana maono, maskini.

Jumanne, 5 Machi

Ngazi za mnara ni mia moja na kumi na mbili. Nimezihesabu mara tatu, kwa sababu mara mbili nilisahau vitu chini.

Juu kule, Mjomba ametandika shuka jeupe na kupanga vyuma vyote kwa safu. Kila gurudumu analisafisha kwa mswaki na kulisemesha. Moja aliliuliza limelala salama? Nililia kidogo. Filamu itakuwa kali!

Halafu nikagundua uhaini. Shemeji amechora bango, na jina lake liko juu ya langu! Anasema mwenye kamera hutangulia. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Lakini mimi si wa kushindwa na shemeji. Fomu ya tamasha la filamu inataka picha ya mwongozaji. Wameandika picha moja. Mimi nimesoma: dakika arobaini za mwongozaji akiwa kazini, akitafakari, mnara nyuma yake. Watu wakiona hizo, nani atauliza kamera ni ya nani? Nimeipanga Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Balaa! Mjomba ametangaza kazi imekwisha. Anasema kesho asubuhi saa italia.

Kesho! Alhamisi, siku isiyo na mbele wala nyuma. Mawingu yametanda, Afisa wa halmashauri hayupo, umati hakuna. Jumamosi ndiyo siku yenyewe: dakika za mwisho, watu wamebana pumzi, Afisa anatazama saa ya mkononi, kisha ngoo! Nilimweleza Mjomba kwa adabu zote, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa kidogo, nikamwambia historia inaweza kungoja siku mbili. Akajibu kwamba yeye ni fundi, siyo mwigizaji, na saa haipangiwi.

Basi nikafanya kinachofanywa na waongozaji wakubwa. Mjomba alipogeuka kunywa maji, nilichukua pini moja ya shaba, ile inayoshika nyundo ya kengele. Ndogo, nusu ya njiti ya kiberiti. Iko mfukoni mwangu. Siyo wizi. Ni uongozaji.

Alhamisi, 7 Machi

Mjomba aliitafuta pini tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa magoti. Masikio naye akapiga magoti. Mimi pia, ili nisionekane wa ajabu. Nilitafuta kwa bidii kuliko wote.

Shemeji anasema hizi ndizo picha bora alizowahi kupiga. Nimefurahi mno! Mnaona? Uongozaji!

Lakini saa kumi Mjomba aliketi, akavua miwani, akasema taratibu kwamba labda macho yake ndiyo yamekwisha, labda ni heri astaafu, atulie nyumbani.  Hapo moyo uliniuma, sisemi uongo. Mkono ulishaingia mfukoni. Pini ilishakuwa kati ya vidole!

Ndipo wazo likanijia. Jumamosi, saa tano na nusu, mbele ya umati, mbele ya Afisa, pini itaonekana. Nani ataiona? Mpwa wake! Mimi! Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Nimefanya mazoezi ya kushangaa, kioo cha bafuni ni shahidi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mjomba aliomba tumwachie chumba cha juu, anataka utulivu. Nikasema hewala, tena kwa furaha, maana leo ilikuwa zamu yangu. Tukashuka uwanjani mbele ya soko. Nikamwamuru Masikio anibandike kinasa sauti kifuani. Akauliza cha nini, kwani mtu anayetafakari anatoa sauti gani? Nikasema pumzi ya msanii nayo ni sauti. Akabandika, midomo ameibana.

Nikasimama. Mikono mfukoni. Macho mbali. Shemeji alikuwa ananipiga picha huku amenuna. Saa nne kamili.

NGOO!

Mara kumi! Miaka kumi na tisa, na leo mara kumi, juu ya kichwa changu! Muuza nyama aliganda, panga liko hewani. Muuza nyanya alikumbatiana na mwenzake ambaye hawasemeshani. Njiwa wote waliruka kwa pamoja. Soko zima lilitazama juu, kisha likapiga kelele za furaha ambazo sijawahi kuzisikia. Nami nilipiga!

Kisha nikakumbuka. Kamera moja. Ilikuwa wapi? Usoni pangu. Tukio la filamu nzima limetokea, na kamera ilikuwa inanitazama mimi.

Nilipanda ngazi zote mbio. Mjomba ameketi sakafuni, anacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe alichonga pini nyingine kutoka kwenye spoki ya baiskeli yake, alfajiri, kwa tupa. Nilimkumbatia. Halafu nikamwomba aisimamishe, tuanze upya na kamera. Akanionyesha ngazi kwa kidole. Nikashuka.

Jumamosi, 9 Machi

Saa sita saa ililia mara kumi na mbili, Afisa akatia saini, mnara umebaki na saa yake. Tumepiga picha zote. Hazina uhai hata kidogo. Afisa alipiga miayo kwenye ngoo ya tatu. Watu wameshazoea tangu jana! Wamesikia mara ishirini na kitu!

Mke wangu ametazama na kusema filamu haina kilele. Na tamasha linafunga kupokea kazi Jumatano. Kisha akanitoa chumbani na kufunga mlango. Nimekula nimesimama jikoni.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu ameniita. Uso wake ulikuwa na kitu. Akanionyesha picha za Ijumaa.

Mimi, nimesimama, natafakari. Ngoo! Naruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Macho yanatoka, mdomo wazi, mikono inachomoka mfukoni. Kisha uso unabadilika, unakuwa uso wa mtoto, unatazama juu, na machozi yanashuka. Na nyuma yangu soko zima linatazama juu pia. Jamani! Ni kizuri! Ndicho kilele! Nikaanza kushangilia.

Akasema ningoje. Akarudisha nyuma. Akaongeza sauti. Kati ya ngoo ya kwanza na ya pili, kinasa sauti kile cha kifuani: ting. Akauliza nini kimeanguka. Nikasema sarafu. Akakuza picha. Nikasema kifungo. Akakuza tena.

Nikakiri: pini ya Mjomba.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema filamu haiendi popote mpaka Mjomba aione kwanza, na kwamba neno la mwisho ni lake. Akisema hapana, basi. Miezi minane ya kuandaa, basi!

Jumanne, 12 Machi

Mjomba amekuja. Akakaa mbele ya meza ya kulia, miwani puani. Shemeji na Masikio walisimama nyuma yake. Mimi nilisimama kando ya pazia. Ningeweza, ningeingia ndani yake.

Alitazama hadi mwisho. Akaomba kurudia pale pa ting. Akarudia tena.

Kisha akasema Alhamisi ile alirudi nyumbani akaweka vifaa vyake vyote kwenye sanduku, akiamini hataviona tena, kwa sababu fundi asiyeona pini siyo fundi. Akasema imani yake kwa macho yake ndiyo niliyomwibia, pini yenyewe aliichonga kwa dakika ishirini. Sauti yake ilikuwa ya chini. Sijawahi kujisikia mdogo vile. Nilimwomba radhi, magoti chini, bila kamera, na kila neno lilitoka moyoni. Masikio alivua hedifoni. Kwa mara ya kwanza nikaona masikio yake.

 Halafu mabega ya Mjomba yakaanza kucheza. Akawa anacheka! Akaonyesha kidole kwenye uso wangu ulioganda kwenye skrini na kucheka mpaka akakohoa. Akasema iwekwe. Yote: magoti yake, magoti yangu, ting na huo uso. Watu waone saa ilicheleweshwa na nani. Kwa sharti moja: jina la kwanza kwenye bango liwe lake. Shemeji akakubali haraka mno. Nami nikakubali.

Jumamosi, 30 Machi

Tumechaguliwa, na leo mchana tumeonyeshwa! Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Watu walilia Mjomba alipovua miwani. Kwenye ting walipasuka kwa kicheko, mzee mmoja akaanguka kitini. Mwisho walisimama wote na kupiga makofi, Mjomba akainama kama mfalme, mke wangu akanishika mkono. Siku nzuri kuliko zote maishani mwangu! Nimejifunza mengi. Nimebadilika kabisa.

Ila kuna jambo dogo. Kwenye skrini ile kubwa, uso wangu ukiwa na urefu wa mita tano, nimeona wazi: kola ya shati upande wa kushoto imekunjika. Katika kilele! Tamasha lijalo ni mwezi wa tano, muda upo. Kesho nakwenda kwa Mjomba. Nitamwomba aisimamishe saa kwa wiki moja tu, watu waisahau kidogo, kisha saa nne kamili airuhusu ilie, na mimi nitashtuka upya.

Mjomba ataelewa. Shati nimeshalipiga pasi.