Kichwa cha Kale, Miguu ya Shangazi

Siagi alilipata wazo lake bora la mwaka kutoka kwa kuku. Kuku wenyewe walikuwa wakiishi ndani ya kichwa cha pikapu ya zamani, nyuma ya gereji ya fundi wa bodi, wakilala kwenye kiti cha dereva na kutagia pale dereva anapoweka miguu. Kilikuwa kichwa cha mviringo, boneti imevimba, taa mbili zimetoka nje kama macho ya mtu aliyetajiwa bei. Magurudumu hakikuwa nayo, wala injini. Kilikaa juu ya matofali kama mzee aliyestaafu.

Jina la Siagi alipewa na mtaa, kwa sababu mkate wowote ukimpaka, unalika. Aliwahi kumuuzia mtu bwawa wakati wa kiangazi, akisema ni kiwanja. Masika yalipofika akamsaidia mtu huyohuyo kumuuzia mwingine, akisema ni bwawa la samaki. Hakuwahi kuvunja mlango wa mtu. Kwake yeye, mwizi ni yule anayeingia bila kukaribishwa, na yeye alikaribishwa kila mara, tena kwa chai.

Siku hiyo alifika gereji kwa shughuli ya halali, jambo lililomchosha mapema. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto, alikuwa na pikapu ya kisasa aliyoitumia kuhamisha vyombo vya watu: vitanda, makabati, magodoro. Ukuta wa jirani ukaiangukia. Kichwa kikawa bapa, lakini fremu, injini na magurudumu vikatoka salama, na Siagi ndiye aliyetumwa kuisimamia gereji. Tangu hapo shangazi alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni, akiwaambia wateja wavumilie kidogo, na wateja walikuwa wameanza kwenda kwingine. Kuhamisha vyombo ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo.

"Itatengenezeka," alisema fundi. "Nitafutieni kichwa kingine tu."

Siagi akawatazama kuku. Akaitazama fremu ya shangazi. Akawarudia kuku.

"Fundi, kile kichwa kinaweza kukaa juu ya ile fremu?"

Fundi akachukua futi yake, akapima huku na huku, akajikuna shingo. "Kwa nguvu hakikai. Kwa adabu kitakaa."

Hapo ndipo shangazi alipopoteza gari lake kwa mara ya pili.

Jioni Siagi alirudi nyumbani na uso wa msiba na chupa mpya ya chai. "Shangazi, pole sana. Fremu imepinda. Imebidi iende kwenye chuma chakavu. Kilichopatikana ndiyo hii chupa." Shangazi aliigeuza chupa mikononi muda mrefu. "Haya, mwanangu. Mungu akubariki kwa kunihangaikia." Dhamiri ya Siagi ikamwasha kidogo. Akaituliza kwa kuiahidi kwamba mambo yakimnyookea atamnunulia shangazi kitu chochote chenye magurudumu, hata toroli.

Kisha akauza pikipiki yake, akampa fundi kazi.

Nani asiyejua kwamba ulaghai mzuri unahitaji kazi ya kweli? Fundi aliwahamisha kuku kwa heshima. Kichwa kilikuwa chembamba kuliko fremu, basi akachomelea vishikio vipya, kila kimoja akakitilia raba nene chini, ili kichwa na fremu visigombane barabarani. Usukani, gia na pedali za pikapu ya shangazi akavipandisha ndani ya kichwa cha zamani. Vifuniko vya magurudumu akavisogeza mbele, maana, alisema, gari lisionekane limeazima viatu. Rangi ikawa ya kijani kibichi, ile ambayo siku hizi haipakwi tena.

"Na hiki kibao?" aliuliza fundi akiwa amejikunja chini ya usukani. Juu ya pedali ya klachi kulikuwa na kipande cha mbao, kimekazwa kwa nati, kimelika katikati. "Kilikuja na fremu. Mimi kitu kinachofanya kazi sikifungui, lakini sema wewe."

Siagi, ambaye shangazi hakuwahi kumruhusu hata kushika usukani wake, alichungulia na kufurahi. "Kiache. Kinaongeza uzee."

Mnunuzi alikwishamchagua. Mzee Vigae alikuwa na duka kubwa la vigae na maradhi mawili. La kwanza, magari ya zamani. La pili, kuyanunua kwa wajane, kwa kuwa mjane hajui bei, na kufa kufaana. Siagi hakumwendea na habari yoyote. Aliingia dukani akaulizia kigae kimoja cha bafuni, na alipokuwa akitoka akaongea na simu isiyokuwa na mtu upande wa pili.

"Mjane mwenyewe hajui ana nini ndani," alilalamika. "Gari la zamani namna ile, anataka kulitia kuku."

"Kijana," aliita Mzee Vigae kutoka nyuma ya kaunta, "mbona unaondoka na jua hili? Njoo unywe maji."

Sasa alitakiwa mjane. Mjane wa kazi wa Siagi, aliyekwisha kumfanyia mazishi mengi yenye faida, alikuwa ameolewa majuzi, na bwana hakutaka mkewe afiwe tena. Siagi akawaza usiku kucha akabaki na jina moja. Aliogopa kidogo, kisha akajicheka. Nani anamtambua mtu kwa mifupa? Gari ni sura.

"Si uongo, shangazi," alimbembeleza. "Wewe ni mjane kweli. Rafiki yangu anauza gari, anataka tu pawe na mama wa heshima. Unakaa, unalia kidogo, basi."

"Na mimi napata nini?"

"Godoro."

"Basi nitalia godoro zima," alisema shangazi.

Siku ya mauzo fundi alilileta gari asubuhi, akaliingiza kinyumenyume kwenye stoo ya shangazi, na Siagi akalizungushia magunia ili mtu asipate pa kuinamia. Mzee Vigae alifika na dereva wake na dumu la mafuta, maana alikuja na nia ya kuondoka nalo. Alipoliona, alilisogelea taratibu. Akabisha bati kwa kidole, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyesikia moyo mzuri.

"Nifungue boneti?"

"Mzee wangu," alisema Siagi kwa sauti ya chini, "wa mwisho kuifunga alikuwa marehemu."

Mzee Vigae akaondoa mkono. Alimwashiria dereva wake ajaze tangi, kisha akamgeukia mwenye msiba. "Pole sana, dada yangu. Marehemu alilipenda sana gari hili?"

"Marehemu alipenda kula," alisema shangazi. "Na kulala."

Siagi akakohoa.

"Na gari," aliongeza shangazi bila haraka.

Hakukuwa na chozi hata moja. Aliuliza kama vigae vyeupe vinachafuka upesi. Siagi aliona godoro likitumika bure. Na mjanja, hapa tuseme kwa masikitiko, haharibikiwi na ujinga. Anaharibikiwa na kutaka chumvi iongezwe kwenye chakula kilichokwisha kuiva.

"Mama," alisema kwa huruma, "ingia ndani mara ya mwisho. Umuage."

Shangazi akapanda, akaweka mikono kwenye usukani. Mguu wake wa kushoto ukashuka kutafuta klachi kwa mazoea, na haukushuka mbali.

Chini ya kiatu chake kulikuwa na kibao.

Yeye alikuwa mfupi. Mumewe ndiye aliyemkatia kile kibao, miezi michache kabla hajafa, akakikaza kwa nati zake mwenyewe, akamwambia sasa hata yeye mume akiondoka, mguu wa mkewe utafika. Pale katikati palilika kwa kiatu chake. Shangazi akakikanyaga, akakiachia, akakikanyaga tena, na machozi yakamshuka yenyewe.

Siagi alikuwa karibu kupiga makofi. "Angalia, mzee," alinong'ona. "Uchungu huo hauna bei."

Shangazi akageuza ufunguo, injini ikawaka. Ilinguruma mara moja kisha ikatulia, vilevile kama ilivyotulia kila asubuhi mbele ya mlango ule kwa miaka. Shangazi akajifuta kwa kanga, akashusha kioo.

"Siuzi," alisema.

"Dada yangu," alisema Mzee Vigae haraka, "bei tunaweza kuiongeza."

"Siuzi."

Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka dereva wake akamtazama. Hata kwenye ndoto zake Siagi hakuwahi kufika bei ile.

"Mama, lakini tulizungumza."

"Tulizungumza nini, mwanangu? Mweleze mzee hapa, asikie." Shangazi alimtazama kwa upole uliomtisha. "Si wewe uliyemwambia kwamba gari hili ni langu?"

"Ni mimi."

"Ulimdanganya?"

Siagi alifungua mdomo. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa na mlango wa polisi nyuma yake. "Hapana, mama. Ni lako."

"Basi." Akamgeukia Mzee Vigae. "Asante kwa mafuta, kaka. Mwenyezi Mungu akulipe."

Mzee Vigae, ambaye hakuna mjane aliyewahi kumshukuru kwa haki, aliondoka akiwa na dumu tupu na heshima ya ajabu kwa marehemu.

Walipobaki wawili, shangazi hakupaza sauti. "Fremu ilipinda, ee?"

"Nilitaka kukushtukiza, shangazi."

"Umenishtukiza. Uliniletea chupa ya chai badala ya mume wangu." Akapangusa usukani kwa kanga, na Siagi, ambaye hakujua habari ya kibao, aliinamisha kichwa bila kujua kwa nini kimekuwa kizito hivyo. "Ila kichwa ni kizuri. Kimenipendeza. Toa hayo magunia. Mtaa wa pili kuna watu wanahama, niliwaambia wavumilie, wamevumilia."

Siagi akatoa magunia, akazunguka kwenda mlango wa abiria.

"Hapo mbele pamekaliwa," alisema shangazi.

"Na nani?"

"Na marehemu. Si uliniambia nimuage? Bado naongea naye. Panda nyuma."

Mchana huo Siagi alipita mtaani amesimama nyuma ya pikapu ya kijani, amekumbatia kabati la watu lenye kioo, na kila kona watu walisimama kuliangalia gari. Mmoja akamkimbilia na kuuliza ni la nani, kama linauzwa. Siagi alijiona kwenye kioo cha kabati, jasho linamtiririka, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akasema kweli bila kulazimishwa.

"La shangazi," alisema. "Haliuzwi."