Mlango Uliofungwa Mchana

Jumatatu, tarehe 3

Nimechoka na siku haijafika nusu. Mgeni kaniambia anataka kuhamia bweni la chuo. Kaniambia kwa adabu, mikono kaifumbata, kama aliyevunja sahani. Eti kuna chumba kimekuwa wazi. Eti anahitaji utulivu wa kusoma. Eti jibu analipeleka Ijumaa. Akamalizia kwa kusema ananipenda sana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Niandike vizuri, maana hizi herufi nilizichungulia kwenye madaftari ya wanangu, darasani sikukaa. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu ananyonya kidole, chuo chake kimempeleka ng'ambo mwaka mzima. Huko anakaa kwa mama yake Mgeni. Mgeni naye kaletwa huku, analala kitanda cha mjukuu wangu. Tumebadilishana watoto, mimi na mama nisiyemjua. Ninavyomtunza wake ndivyo naomba anitunzie wangu. Wake akihama, huyo mama ataambiwa nini? Kwamba bibi wa huku kashindwa kulea. Na wangu atatazamwa kwa jicho gani pale mezani?

Jioni nikamwambia Mgeni kwamba bweni lile lina kunguni. Sijawahi kufika. Nikaongeza na popo.

Jumanne, tarehe 4

Mgeni kaenda kukagua kunguni. Matroni wa bweni kamfunulia magodoro yote, mapya, bado yana nailoni. Kisha kamuuliza nani kasema. Mtoto hajui uongo, kanitaja. Matroni kaniletea salamu: niende siku yoyote ninayotaka, nikawaone na hao popo.

Basi. Anataka utulivu, atapata utulivu. Jogoo nimempeleka kwa jirani. Redio nimezima. Mwanangu wa mwisho, fundi magari anayetengenezea magari ya watu uani kwangu, nimemkataza kuwasha injini. Akauliza atajuaje gari limepona bila kuliwasha. Nikamwambia alipime homa kwa mkono. Kaondoka anaguna.

Kisha nikaweka kigoda mlangoni kwa Mgeni, nikakaa, asije mtu akamsumbua. Hakuja mtu. Kila baada ya kitambo namuuliza kwa upole, kupitia upenyo wa mlango, kama utulivu unamtosha. Unatosha, Bibi. Kama ana kiu. Hana. Kama miguu haijafa ganzi. Haijafa. Kufika jioni sauti imenikauka kwa kumlindia kimya.

Jirani kachungulia juu ya ua, kashika jogoo wangu kwapani. Namwita Cherehani, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Mwaka jana alipewa mwanafunzi kama huyu wangu, akahama kabla sabuni aliyofunguliwa haijaisha. Tangu hapo anahesabu siku za wangu. Kaniuliza Mgeni wangu anahama lini, aje kunisaidia kubeba begi. Nikamwambia jogoo amshike vizuri, ana kawaida ya kudonoa wambea.

Jumatano, tarehe 5

Aibu ya leo sijui niianzie wapi.

Mlango wa Mgeni ulifungwa tangu asubuhi. Sio kurudishwa. Kufungwa, na kiti kimeegemezwa kwa ndani. Nyumba hii mlango wa chumba haufungwi mchana. Ukifungwa, ama kuna homa, ama simu imeleta habari mbaya na mtu anailia peke yake. Nikaita. Kimya. Nikagonga kwa mwiko. Kimya. Nikaweka sikio, nikasikia mtu anavuta kamasi.

Nikamwambia Cherehani. Mmoja tu, tena kwa kunong'ona. Birika halijachemka, sebule imejaa wanawake. Viatu vimepangana mlangoni, wamekaa chini, wanaongea kwa pumzi. Hakuna aliyejua nani kafa, kwa hiyo kila mmoja akamlilia wa kwake aliyemkumbuka.

Mchana Mgeni akafungua mlango aende msalani. Masikioni ana vile vidude vya kusikilizia. Akaona ule umati, akasimama. Akanigeukia, akauliza polepole nani kafa. Cherehani akamwambia hilo ndilo tunalongoja yeye atuambie.

Hakufa mtu. Ana mafua, na alikuwa anamsikiliza mwalimu wake kwenye vidude.

Wangekuwa watu wengine wangeondoka. Lakini hawa walikwisha kuacha kazi zao, na mama muuza mkaa ndiyo kwanza alikuwa kapata machozi. Akanyanyuka, akamvuta Mgeni kifuani, akamwambia pole mwanangu. Pole ya nini, hakusema. Na Mgeni akalia. Akalia kweli, mabega yanaruka, mkaa umempaka shavu zima. Kaja kusema anamkumbuka mama yake. Nasi tukalia upya, safari hii tukijua sababu.

Walipoondoka nikajua nimempata. Mtu uliyelia naye hakuhami. Mgeni akanawa uso, akanishukuru, kisha akauliza kama inawezekana mlango wake uwekwe komeo.

Alhamisi, tarehe 6

Sijamjibu. Komeo ndani ya nyumba yangu. Kwamba mimi ni nani, mwizi?

Mwanangu kanikuta nagombana na sufuria. Kasema mama, mwenzio haombi kuhama, anaomba komeo, mpe komeo. Nikamwambia arudi kwenye magari, mambo ya watu hayajui. Akasema angalau magari yake yanapumua, hayachunguliwi. Huyu mtoto nilimzaa kwa uchungu kuliko wote.

Mchana mjukuu kapiga simu, na sura yake ikaonekana, kanenepa kidogo, nikashukuru. Nikamuuliza wanamtunzaje. Akacheka. Kasema chumba chake kina funguo, na hakuna anayeingia. Mama mwenye nyumba anamwekea chakula kimefunikwa, anaondoka zake. Wiki za mwanzo alidhani wanamchukia. Akawa anauacha mlango wazi mchana kutwa, apate japo mtu wa kupita amuulize kaamkaje. Mpaka yule mama akamletea fundi, akidhani kitasa kimeharibika.

Nikacheka. Kisha nikaacha. Mjukuu wangu, kakaa mlango wazi, anangoja aulizwe kaamkaje.

Nikamsimulia Mgeni. Kacheka mpaka kakaa sakafuni. Akasema na mama yake kamwandikia, analalamika: kamkosea nini binti wa watu, mbona hafungi mlango? Anamwogopa? Hamwamini? Anakaa sebuleni kwake hathubutu kupanda ngazi, asije akamsumbua.

Nikamwona yule mama. Sijui sura yake lakini nikamwona, kwenye kiti chake, na wasiwasi wake, kama mimi kwenye kigoda.

Nikamwita mwanangu aje na drili. Komeo kalitia kwa ndani. Zuri, la chuma. Nikamwambia kalipinda. Hakulipinda.

Ijumaa, tarehe 7

Sikuuliza. Namwandika Mungu shahidi. Nilifagia mbele ya mlango wake tu, mara kadhaa.

Katoka amevaa, kasema anakwenda chuoni kupeleka jibu. Kasema anabaki. Nikakalia ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Ila kuna sharti. Mlango ukifungwa, anasoma, haumwi, hajafiwa. Nisigonge, nisiite, nisiongee kwenye upenyo. Ukifunguka, nimuulize yote. Nikaapa, mkono juu, mwanangu anasikiliza. Nimeelewa, nikamwambia. Hata mtoto mdogo angeelewa.

Kisha nikaenda kumchukua jogoo wangu kwa Cherehani. Nikapita njia ndefu, ya mbele ya duka, wanione wote. Kaniuliza siri ni nini. Nikamwambia mtu mzima anajua kumpa mwenzie nafasi.

Jumapili, tarehe 9

Mlango umefungwa tangu asubuhi.

Sijagonga. Sijaita. Kigoda nimekirudisha jikoni. Mwanangu kapita kaniangalia, nikamwonyesha mikono yote miwili, mitupu.

Lakini chai hajanywa. Na mafua hayakuisha vizuri, jana alikohoa. Na komeo ni la chuma, mtu akizimia ndani nani atafungua?

Nimekumbuka maneno ya sharti, nimeyarudia moja moja. Mlango. Yote yalikuwa ya mlango.

Kwa hiyo naandika haya uani, nimesimama juu ya ndoo, chini ya dirisha lake. Cherehani kashika ndoo isiteleze, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hanibishii. Mama muuza mkaa kashika kikombe. Tumeondoa kioo kimoja tu cha dirisha, kidogo, cha pembeni, mkono na kikombe vipite. Mwanangu akiuliza nitasema kilipasuka kwa jogoo.

Mgeni yuko mezani, kainama, anaandika. Hajatuona bado. Mzima kabisa. Lakini sasa nimekwisha kupanda.

Jioni nikimpigia mjukuu nitampa ujumbe amfikishie yule mama. Amwambie asijitese kwenye kiti peke yake. Mtoto akifunga mlango, azunguke dirishani. Na kama chumba kiko juu, hawana ngazi huko?