Mkwe Wangu Mmemponya Bila Kuniuliza

Bi Ashura Saleh,
Nyuma ya msikiti,
Mfaranyaki, Songea.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Hospitali yenye Kliniki ya Afya ya Akili,
Songea.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: KUPONYWA KWA MKWE WANGU MUHSINI BILA RIDHAA YANGU

Assalaam aleikum, na kama wewe ni Mkristo basi Tumsifu Yesu Kristo, kwa sababu barua hii ni ya malalamiko na sitaki ianze na kosa la salamu. Natumaini u mzima. Kama si mzima, angalau uko mahali panapofaa.

Mimi ni mjane, mzaliwa wa Namasakata kule Tunduru. Ninaishi hapa Mfaranyaki kwa binti yangu Saada na mumewe Muhsini, fundi wa redio na simu. Nakuandikia kwa adabu, ila kwa uchungu. Nyumba yetu ilikuwa na mkwe aliyekuwa mfano kwa mtaa mzima, na kliniki yako imemharibu. Imemponya.

Acha nieleze alivyokuwa, ili uione hasara yangu. Muhsini alikuwa hasemi. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka kwa mlango wa uani. Wageni wakibisha hodi, yuko nyuma ya banda la kuku mpaka waage. Mteja akileta redio, Saada ndiye anayeipokea, anauliza inaumwa nini, anaipeleka chumbani kwa fundi, kisha anairudisha ikiwa inaimba, na mwenye redio hajaona hata ukucha wa aliyeitengeneza. Msikitini anaingia wa mwisho, anaswali karibu na viatu, anaondoka kabla watu hawajapeana mikono. Akinisalimia, ile "shikamoo" ilikuwa nyembamba kama uzi, na inamtoka na jasho. Wanawake wenzangu walikuwa wakiniuliza, "Bi Ashura, mkwe kama huyu umempata wapi?" Nami nawajibu kwamba mkwe haokotwi, anachaguliwa.

Sasa muuguzi wenu, Sista Leticia, anasema ile haikuwa adabu. Ilikuwa ugonjwa. Eti ni hofu ya watu, inambana mtu kifua na koo kila anapohisi anatazamwa, na ina matibabu yake: vidonge, mazungumzo, na mazoezi ya kuisogelea hofu kidogo kidogo mpaka izoeleke. Nilimfuata hukohuko kliniki nikamwambia mkwe wangu ana haya tu, aliyofunzwa na wazazi wake. Akanijibu kwa upole, "Mama, haya humsitiri mtu. Hii ilikuwa inamkaba." Nikamweleza kwamba mimi wagonjwa wa akili nawafahamu, ni wale wanaopiga kelele stendi, si mtu aliyetulia chumbani kwake akichomea nyaya. Akasema waliotulia ndio wanaochelewa kuletwa. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Ndiyo maana naandika.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Salamu zimekuwa ndefu. Zoezi lake la kwanza lilikuwa kumsalimia mtu kila asubuhi huku akimtazama usoni. Katika Songea yote hii, akanichagua mimi. Alikuja barazani amelowa jasho kama aliyenyeshewa, akasema, "Shikamoo mama. Umeamkaje? Goti linasemaje?" Na akasubiri jibu! Tangu hapo ananiuliza kila siku, na jibu analikumbuka kesho yake. Ndugu Mganga, siwezi tena kusema kwamba katika nyumba hii hakuna anayejali maumivu yangu, na hilo ni lalamiko nililokuwa nikilitegemea sana.

2. Neno "hapana". Baada ya salamu alipewa zoezi la kukataa jambo dogo, kwa heshima. Mimi sina habari. Nimempakulia bamia, kama ninavyompakulia tangu alipomwoa Saada. Kawaida yake humaliza sahani, akainamisha kichwa, nami nikamwongezea. Safari hii akaweka mkono juu ya sahani. "Mama," akasema, "nakushukuru sana. Lakini bamia sizipendi." Nikamuuliza kama ni leo tu, labda tumbo. Akasema, "Sijawahi kuzipenda, mama." Saada alicheka mpaka akatoka nje. Nyuma ya nyumba nina tuta zima la bamia ninalolimwagilia kwa ajili ya mtu huyu! Sasa nazila peke yangu, na kusema kweli mimi mwenyewe si mpenzi wa bamia.

3. Soko. Akatumwa na Sista kununua nyanya, na akikuta iliyooza, airudishe kwa muuzaji. Siku ya kwanza aliishia getini kwetu. Siku nyingine alifika sokoni, akazunguka kama anayetafuta msikiti, akarudi na kapu tupu. Mwisho akasimama mbele ya Mwanne, yule muuza nyanya ambaye mimi nikigusa tu nyanya yake hunirushia maneno hadi mama wa kambo wa babu yangu. Muhsini akainua nyanya moja, akasema, "Dada, samahani, hii imeoza." Mwanne akambadilishia. Akamwongezea na za bure. Akamwita kaka. Sasa nikipita pale ananiuliza, "Muhsini hajambo?" Mimi, mteja wake wa miaka, nimekuwa mama mkwe wa Muhsini.

Hapa utaniuliza ni nani aliyemleta kwenu. Alijileta, na sababu yake nitaieleza upesi kwa kuwa haisaidii hoja yangu. Saada alikuwa amekwenda Tunduru msibani. Mimi nilikuwa Maposeni harusini, na kwa kumbukumbu zangu nilikuwa nawasifia watu ukimya wa mkwe wangu. Nyumbani mjukuu wangu Zena, mtoto mdogo kabisa, akajimwagia uji wa moto mkononi. Muhsini akambeba mbiombio mpaka hospitali. Lakini kufika kule, benchi limejaa watu, na watu wote wakageuka kumtazama. Akasimama nje ukutani na mtoto anayelia, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi nyuma, hawezi kumwambia mtu yeyote, "Mwanangu ameungua." Sijui alisimama hapo muda gani, yeye hasemi na mimi sitaki kujua. Sista Leticia alikuwa anapita zake. Akauliza, "Baba, mtoto ana nini?" Akainua tu ule mkono mdogo ili auone.

Zena alitibiwa, alhamdulillahi, na mkono umebaki na alama ya rangi tu. Walipomaliza kumfunga bendeji, Sista akamgeukia baba. "Na wewe, baba, nani anakutibu?" Wiki ileile akarudi kwenu mwenyewe, akaketi kwenye benchi lilelile. Yaliyofuata ndiyo ninayoyalalamikia. Naendelea.

4. Ndugu yangu Alfani. Kabla ya kliniki yenu, mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa Muhsini. Kwenye vikao vya ukoo nilikuwa nasema, "Mkwe wangu amekubali," na kweli alikuwa amekubali, kwa sababu hakusema kitu. Kwa njia hiyo alikubali kumpokea kaka yangu Alfani, aliyekuja kwa ajili ya Idi na kukaa mpaka mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Alfani alilala sebuleni, akachagua stesheni ya redio, akamfundisha Zena kumpelekea maji ya kunawa alipo. Basi tukiwa tunakunywa chai, Muhsini akaweka kikombe chini. Nikajua limekuja zoezi. Akasema, "Mjomba, tumefurahi sana kukaa na wewe. Basi la Tunduru linaondoka asubuhi. Nitakusindikiza." Na akamsindikiza! Akambebea na begi! Kaka yangu amenipigia simu kutoka kwake akilalamika kwamba ametolewa kwa heshima kubwa mno hata hakupata nafasi ya kukasirika. Hii ni aina ya ukatili ambayo sheria haijaifikiria.

5. Saada anacheka wakiwa chumbani. Sifafanui.

6. Mkutano wa mtaa. Kuna mtaro mbele ya nyumba yetu ambao mvua ikinyesha huleta takataka za mtaa mzima mlangoni kwetu. Kwa kawaida mimi ndiye ninayeusemea, na husema kwa kirefu, nikianzia na historia ya mtaa. Siku ile nimejiandaa, nimevaa na kanga mpya. Mwenyekiti akauliza nani ana hoja. Pembeni yangu mtu akasimama. Nikadhani anatoka nje, kumbe ni Muhsini. Watu wakageuka. Nikaona ameshika kiti cha mbele yake mpaka vidole vimebadilika rangi. Na mimi, Ndugu Mganga, bila kutaka, nikaanza kumwombea dua. Kisha akasema, "Naitwa Muhsini. Nakaa hapo nyuma ya msikiti. Mtaro ukizibuliwa upande wa juu, maji hayataingia kwa mtu yeyote." Basi. Akakaa. Mambo ninayoyasema mimi mwaka hadi mwaka, yeye ameyamaliza kabla sijavaa miwani. Watu wakapiga makofi, na Jumamosi yake wakatoka na majembe. Mtaro unapitisha maji. Sina tena cha kusema kwenye mikutano.

Angalia jambo hili linakoelekea. Leo ni Muhsini. Kesho kliniki yako itamponya mkwe wa jirani, keshokutwa wakwe wote wa Mfaranyaki. Watakaa mezani nasi wakitutazama usoni, wakitueleza wasichokipenda. Mabinti zetu watacheka vyumbani. Akina kaka zetu watarudishwa makwao na mabegi yao. Mama wakwe watalazimika kuuliza kabla ya kuamua, na nchi ambayo mama mkwe anauliza kabla ya kuamua, uongozi wake unasimama juu ya nini?

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na siombi makubwa. Sisemi mumrudishie hofu yote. Mtoto akiungua tena, Mungu apishe mbali, nataka baba yake aweze kusema. Sokoni pia aseme, kwa kuwa nyanya ni nzuri. Mtaani aseme. Naomba tu mumrudishie robo ya hofu, itumike nyumbani, kwangu mimi, nyakati za chakula. Sista akiona robo ni nyingi, ampe ya Ijumaa peke yake.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie madaktari, wauguzi, mama wa mapokezi aliyenipisha kiti, na wagonjwa wote mnaowahudumia, hasa walionyamaza. Sista Leticia naye msalimie, ila salamu yake iwe fupi. Saada na Zena wanawasalimu. Muhsini atajisalimia mwenyewe, siku hizi anaweza.

Ni mimi niliyeonewa,
Bi Ashura Saleh.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga barua hii nikaifungua tena. Nimepigiwa simu kutoka Namasakata. Wapwa wa marehemu mume wangu wanadai shamba la mikorosho niliyoipanda kwa mikono yangu, na baraza la kata linakaa Alhamisi. Usinicheke. Mimi ninayesema mitaani na misibani, nikifikiria kusimama mbele ya wale wanaume wa ukoo wa mume wangu, nimekaa kitandani na sauti haitoki. Saada alinikuta hivyo akamwita mumewe. Muhsini akapiga magoti mlangoni, akaniuliza, "Mama, inakubana hapa kifuani?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Naijua hiyo. Tutakwenda wote. Nitakaa karibu yako, na ikikataa kutoka, nitasema mimi."

Kwa hiyo ile robo, msirudishe hata chembe. Kama vidonge vinaweza kuongezwa kabla ya Alhamisi, ongezeni. Na Sista asimwandike Muhsini mtoro, siku yake ya kliniki ni hiyohiyo. Hatakuja. Atakuwa Namasakata, na mimi.