Ndoyi wa Lokuma

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekasirika tangu saa moja asubuhi. Barua imefika kutoka kwa mkuu wa territoire, wilaya yetu: kijiji chenye watu elfu moja au zaidi kitapewa ofisi ya état civil, ya kuandikisha vizazi na vifo, na mwenye rejista atakuwa chef de bureau, mkuu wake. Yaani kiti, mhuri, mlango wenye kufuli. Miaka kumi na moja mimi, Mahmoudi, nahesabu watu wa Lokuma nikikalia ndoo iliyopinduliwa, na leo hesabu ni 340. Mia tatu na arobaini! Hawa watu usiku wanalala tu?

Hilaire, mwenye rejista ya kijiji jirani cha Bakoti, ana 610. Alipita na pikipiki yake akaniuliza kama watu wangu wote wanatosha ndani ya pirogue moja ya kuvukia mto. Nilimjibu baadaye, peke yangu, vizuri sana.

Shida ni kwamba nimekwisha kumwambia Malika, mke wangu aliye mjini, Mangobo, kuwa mimi ni chef. Naye amekwisha kuliambia soko zima.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa. Hapa kwetu kila mtu ana ndoyi wake, mtu wa jina moja naye. Nani atashangaa kuona akina Safi watatu katika rejista? Ndoyi si uongo, ni desturi. Nimemwandika kila mtu pamoja na ndoyi wawili. Jumla 1,020. Mkono umevimba. Nami sikujisahau: Mahmoudi wa kwanza, yaani mimi mwenyewe, wa pili, wa tatu.

Philomène, karani wangu, amesema hao ndoyi hawapo. Nimemwambia kwa kazi anayofanya, hata yeye hayupo. Amenuna. Anune.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu ametupongeza. Halafu, mwisho wa barua, sumu: Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya kijiji, kila kichwa kifyeke mita kumi za barabara. Lokuma, vichwa 1,020, kilomita kumi na mita mia mbili. Atakuja kukagua mwenyewe.

Philomène akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwambia yetu ni kilomita kumi, anoe coupe-coupe, panga lake.

Jumamosi, 15 Machi

Watu wabaya. Kila mmoja amefyeka mita zake kumi, akaketi. Nikaamuru waendelee. Maman Augustine, muuza chikwangue, mikate ya muhogo, akaweka coupe-coupe chini mbele ya wote.

"Mimi nimeisha yangu, papa. Ile ingine iko ya ndoyi yangu. Umuite."

Basi wote wakaanza kuwaita ndoyi wao, wakielekea msituni. Mzee Mohamadi aliita mpaka akakohoa. Nilifyeka mita thelathini, za Mahmoudi wote watatu, ili kutoa mfano. Hakuna aliyeufuata.

Mkuu alikuta kilomita tatu na kidogo, kisha majani hadi kiunoni. Amesema atarudi Jumamosi. Barabara isipokuwa safi, hakuna ofisi, na mimi niende nyumbani.

Jumatatu, 17 Machi

Wasiofyeka lazima wafe. Nimeandika kwamba ugonjwa umewachukua 680. Tutabaki 340, na barabara yetu imekwisha kufyekwa. Ofisi je? Nani ataninyima ofisi katikati ya msiba?

Kutwa nzima Philomène aliandika vifo, mimi nikasaini, na malengelenge ya coupe-coupe yakipasuka moja moja. Kila jina aliuliza: kati ya hawa watatu, tufute wepi? Kila jina! Alipofika kwa akina Mahmoudi na kuuliza tena, nilimfokea afute wawili wa kwanza anaowaona, aniache. Alitii. Nikasaini bila kusoma.

Ijumaa, 21 Machi

Ofisi imekuja. Kiti, mhuri, kufuli. Barua inasema imetolewa Lokuma kwa heshima ya marehemu Mahmoudi wa kwanza, aliyehesabu watu wake hadi pumzi ya mwisho. Nafasi yake anashika Hilaire.

Nilikwenda kumwonyesha kwamba ninapumua. Hilaire, akiwa kitini pangu, akasema kupumua si document. Nikamletea karatasi ya kuthibitisha kuwa ni mzima. Akaniuliza nani ameisaini. Mimi. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba saini ya maiti haifai. Philomène akaiandika hiyo sentensi. Alikuwa anatabasamu.

Malika amepiga simu akilia. Nyumba imejaa watu wa matanga. Aliposikia sauti yangu akaacha kulia, akaanza kunitukana, na matanga yakaendelea kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa.

Nimelia na mimi. Kwa hasira, si huzuni. Miaka kumi na moja!

Lakini nimetulia na nimefikiri. Rejista inasema Mahmoudi wa tatu yuko hai, hana kosa lolote, wala hajawahi kugombana na mtu. Kesho anaomba kazi ya naibu wa Hilaire. Wanataka mashahidi wawili wa kuthibitisha tabia yake. Hakuna shida, naye atakuwa na ndoyi wake wawili. Nawaandika sasa hivi.