Diya ya Injini ya Ayeyo

Mohamedamin Dagane Salat,
Bulla Iftin,
Garissa.

Jumatano, baada ya swala ya Adhuhuri.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wazee wa Maridhiano,
Garissa.

KUH: MADAI YA DIYA DHIDI YA BINTI YANGU WA KUMZAA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, namshukuru Mola, lakini moyo wangu umekaa upande. Najua kamati yako imezoea kesi za visima, za malisho, na za ngamia walioingia mashambani kule mtoni. Najua pia kwamba mara ya mwisho nilipofika mbele yenu nilikuwa nimeketi na wazee, si na walalamishi. Hata hivyo damu ikimwagika mtu hachagui pa kuketi, na kwangu imemwagika. Kwa usahihi zaidi ni oili, lakini utanielewa ukisoma mpaka mwisho.

Gari langu ni Landrova ya mwaka 1969, rangi ya kijani ambayo siku hizi ni rangi ya vumbi. Watoto waliliita Ayeyo, yaani bibi, kwa kuwa linakohoa kabla ya kusema. Marehemu baba yangu, Dagane Salat, aliniachia gari hilo mwaka 2000, pamoja na injini yake. Mwezi uliopita nilikwenda Griftu kwa wiki tatu kuwasuluhisha wapwa zangu waliogombania fahali, na injini hiyo niliiacha uani ikiwa hai. Haikuwa ikiwaka, lakini ilikuwa hai.

Niliporudi nilimkuta binti yangu Idman ananingoja langoni. Idman ni fundi. Ana gereji yake karibu na soko la mifugo, na wanaume wazima humpelekea malori yao. Alinikabidhi ufunguo huku akitabasamu, akasema, "Aabo, washa." Nikaingiza ufunguo, nikaanza dua yangu ya kuwashia gari, ambayo ni ndefu kidogo. Sikufika hata katikati, gari likawa limeshawaka. Nilidhani nimewasha la jirani. Nikafungua boneti, nikaona kitu kigeni, kisafi, chenye waya nyingi kama nywele za bibi harusi, kilichotolewa kwenye pikapu ya Kijapani iliyopinduka njia ya Modogashe. Injini niliyoachiwa na marehemu ilikuwa imelazwa kando ya ukuta, juu ya gunia la sukari, bila hata kufunikwa.

Idman anasema ile ilikuwa zawadi. Anasema mama yake, Roda, amekosa kliniki ya presha mara tatu kwa sababu Ayeyo alikataa kuwaka. Hilo silikatai. Lakini Mheshimiwa, tangu lini mtu akauawa kwa kosa la kuchelewa?

Malalamiko yangu ni haya.

1. Nimepokonywa majirani. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila asubuhi, Ayeyo alihitaji wanaume wanne wa kumsukuma hadi kwenye kimteremko kilicho karibu na msikiti. Walikuja wenyewe bila kuitwa. Tuye, yule mama wa Kiborana anayeuza maziwa, hakusukuma, bali alisimama na dumu lake kichwani akitoa amri. Katika hatua zile arobaini nilijua nani ameposa, nani amelazwa, na nani amerudi kutoka Nairobi akiwa amenyoa kihuni. Wewe mwenyewe unakumbuka jinsi mwalimu Abdikarim na mimi tulivyonuniana miaka miwili kwa ajili ya ukuta. Kamati yenu ilikaa vikao vitano, ikala mbuzi watatu, ikashindwa. Aliyetupatanisha ni Ayeyo. Huwezi kusukuma gari moja na mtu usiyesalimiana naye. Mmoja atasukuma kabla ya mwenzake na wote mtaanguka. Siku tuliyoanguka ndiyo tuliyocheka, na hatujanuniana tena.

Leo natoka langoni peke yangu kama mwizi. Tangu injini hii iingie, harusi mbili zimefanyika mtaani, na zote nilizijua baada ya kukuta turubai limefunga barabara. Wiki iliyopita mwalimu Abdikarim alisimama mlangoni pake, mikono tayari, akanitazama nikipita. Niliona aibu kama mtu aliyekataa salamu.

2. Nimepokonywa wakwe. Wakwe zangu wako Ijara. Zamani, upepo ukiwa mzuri, walimsikia Ayeyo akiwa bado mbali sana, na kabla sijafika mbuzi alikuwa ameshachinjwa na wali uko motoni. Shemeji yangu Samsam alikuwa akisema, "Huyo amefika kwenye mchanga, wekeni maji." Wiki jana niliingia boma lao kimya kimya. Nilimkuta Samsam anafua, baba mkwe hajavaa shati, na mbuzi wako malishoni. Nilipewa chai ya rangi. Nikaulizwa kuna msiba gani uliofanya nije ghafla hivyo. Nilipojibu kwamba hakuna msiba, ni injini tu, baba mkwe alilitafuta shati lake akalivaa, kisha akaniambia, "Mwanangu, mtu mzima hapaswi kuwafumania watu."

3. Safari zimekufa. Garissa hadi Ijara palikuwa mwendo wa siku mbili kwa Ayeyo, na njiani nilikuwa na vituo sita, kila kimoja na rafiki yangu. Sikuvichagua vituo hivyo, Ayeyo alivichagua. Sasa nafika kabla kitako hakijapata joto, na wale rafiki sita naona vumbi lao tu kwenye kioo. Bila shaka nao wanaona langu.

4. Hili ndilo zito, naomba lisomwe polepole. Mwaka 1986, karibu na Ijara, radieta ya Ayeyo ilichemka saa nane mchana. Nilikwenda kwenye boma la kwanza nililoliona, nikaomba maji. Msichana aliyetoka na kibuyu alinitazama, akalitazama gari lililokuwa likitoa mvuke, akauliza, "Maji haya ni ya nani kati yenu wawili?" Nilimwambia anipe mimi kwanza. Akampa gari kwanza. Msichana huyo ndiye Roda, mke wangu hadi leo.

Sasa fuata hoja yangu, Mheshimiwa. Kama siku ile Ayeyo angekuwa na injini hii ya Kijapani, ningelipita boma lile kwa kasi ya kilomita themanini, nisione kibuyu wala aliyekishika. Nisingelimwoa Roda. Idman asingelizaliwa. Kwa hiyo Idman, kwa mikono yake miwili na spana namba kumi na saba, amekishambulia chanzo cha uhai wake mwenyewe. Nilipomweleza hili alifuta mikono kwa kitambaa akasema, "Aabo, mimi nimeshazaliwa." Sijui kamati italiitaje jibu hilo. Mimi naliita kiburi.

5. Polisi wa vizuizini hawakuwa wakinisimamisha, kwa kuwa wakinisimamisha iliwabidi wanisukume. Sasa wananisimamisha, nao wananiuliza mimi ni nani. Umri huu.

6. Kuhusu diya. Mila yetu iko wazi: aliyeua alipe, na ukoo wake umsaidie. Ngamia mia kwa mwanaume, hamsini kwa mwanamke. Najua kamati itauliza marehemu alikuwa jinsia gani. Gari ni mwanamke, kwa jina na kwa subira. Lakini injini ilikuwa inanguruma, inavuta moshi, na haifanyi kazi asubuhi bila kubembelezwa. Sifa hizo zote ni za mwanaume. Kwa hiyo nadai mia. Roda aliposikia hesabu hiyo alisema kama yeye ni hamsini basi siku hiyo jikoni kutapikwa kwa kipimo cha hamsini, na kwa kweli nililetewa nusu sahani.

Lipo tatizo dogo la kisheria ambalo naona heri nilitaje mwenyewe kabla hamjalitaja ninyi. Binti, hata akiolewa, makosa yake hurudi kwa ukoo wa baba yake. Baba yake ni mimi. Ina maana ngamia mia watatoka kwangu waje kwangu, na njiani watahitaji mchungaji, maji na malisho, na nitapata hasara. Nimelifikiria jambo hili kwa siku nne, nikaona njia ya haki ni moja: aliyefaidika na kifo ni injini mpya, ndiyo iliyokalia nafasi ya marehemu. Na injini hiyo ina ukoo, nao ni Wajapani. Naiomba kamati iwaandikie wazee wa Kijapani, kwa heshima na bila vitisho, iwaalike Garissa kwa kikao. Mimi nitatoa mkeka na chai. Wakikosa ngamia, tutazungumza; sisi si watu wagumu.

7. Mwisho, heshima ya maiti. Injini bado iko uani. Nimeifunika shuka jeupe. Idman anataka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na Roda ameanza kuanika pilipili juu yake. Tuye alipoleta maziwa aliona shuka, akadhani kuna aliyefariki, akaketi chini akalia kwa dakika kadhaa kabla ya kuuliza ni nani. Nilipomwambia, hakukasirika. Alifunua pembe moja ya shuka, akaitazama injini, akasema, "Hii ndiyo iliyokuwa inaniamsha," akaniachia lita moja zaidi ya maziwa. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyenipa pole.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo: injini ya zamani irudishwe mahali pake mbele ya mashahidi, Idman aombe radhi kwa marehemu babu yake, ambaye masikio yake yaliipenda sauti ile mpaka siku ya mwisho, na kamati itoe tamko kwamba katika kaunti hii hakuna mtoto atakayegusa kitu cha mzazi wake, hata kiwe kibovu namna gani, mzazi akiwa safarini. Hilo la mwisho nalisisitiza. Mtoto anayebadilisha moyo wa gari la baba yake kwa siri baba akiwa mbali, kesho atabadilisha nini?

Nisalimie wazee wote wa kamati, yule asiyesikia vizuri umsalimie kwa sauti. Msalimie karani, na mama anayewachemshia chai, na mlinzi wa lango, na familia yako mkubwa kwa mdogo. Mwambie mwalimu Abdikarim, mkikutana msikitini, kwamba sikukusudia.

Ni mimi, niliye chini ya hukumu yenu na juu ya kiti cha gari nisilolijua,

Mohamedamin Dagane Salat

N.B. Mheshimiwa, nilikuwa nimeshaikunja barua hii nilipokumbuka kwamba karani wako hukataa madai yasiyo na namba ya kitambulisho cha marehemu. Leo Ijumaa nilimwomba Idman aje na kitabu cha usajili wa gari anisomee namba ya injini, kwa kuwa macho yangu hayafiki. Alipiga magoti, akafunua shuka, akamwaga mafuta ya taa kidogo, akasugua grisi ya miaka mingi hadi namba ikaonekana. Akaisoma. Kisha akafungua kitabu akasoma ya kitabuni. Si namba moja. Hazifanani hata mwanzo.

Naona ni bora ulisikie kwangu. Mwaka 1983 baba alikwenda Hija. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nimekatazwa kuligusa gari. Nililipeleka porini wakati wa kiangazi bila kupima maji, nikaiunguza injini yake, ile ya kwanza, ikashikana isigeuke tena. Nilitafuta nyingine kabla hajarudi, nikapata iliyokuwa ikiendesha pampu ya maji kwenye shamba moja kando ya Tana. Niliifunga mwenyewe, siku tatu, na bolti mbili zilibaki mkononi, sijui za wapi hadi leo. Kikohozi kile ni cha pampu. Baba aliporudi kutoka Makka aliketi kwenye usukani, akawasha, akafumba macho. Akasema, "Alhamdulillahi. Dunia yote imegeuka, lakini sauti hii ni ileile." Nilikusudia kumwambia siku iliyofuata. Aliishi miaka kumi na saba baada ya hapo, nami kila siku nilikusudia kumwambia kesho yake.

Idman alikuwa bado amepiga magoti. Alinitazama, akakitazama kitabu, akakifunga. Kisha akachovya kidole gumba kwenye grisi, akaipaka ile namba taratibu mpaka ikafunikwa yote, akarudisha shuka, akasema, "Aabo, haisomeki."